Dirisha Linalotazama Ng'ambo

Tangu asubuhi Gunnvor alikuwa hatulii. Alipanga vikombe mezani, akavipangua, akavipanga upya, kisha akaenda jikoni kuonja uji wa malai ambao alikwisha kuuonja mara tatu. Kila alipomaliza jambo, miguu yake ilimrudisha kwenye dirisha lile lile la sebuleni, lile linalotazama maji. Macho yake yalivuka ule mkono mwembamba wa bahari hadi ng'ambo, kwenye nyumba nyeupe ya Ytrestrand iliyokaa peke yake chini ya mlima. Uwanjani hakukuwa na mtu, na mashua ilikuwa bado imefungwa gatini.

"Utalitoboa hilo dirisha kwa macho," alisema Bibi Herborg kutoka kwenye kiti chake cha kona.

"Naangalia hali ya hewa, Bibi."

"Hali ya hewa ina mabega mapana, nasikia, na inafuga kondoo."

Gunnvor alitaka kucheka, kicheko kikakwama njiani. Alishusha macho akatazama sakafu. Hapo chini ya dirisha, mbao zilikuwa zimelika na kubonyea kidogo, na alipokuwa mtoto gololi zake zote ziliishia hapo. Bibi alimwambia ni gurudumu la kusokotea sufu lililokula mbao hizo, enzi watu wakivaa walichosokota wenyewe.

Leo baba yake alikuwa anahama. Hakuwa anaenda mbali, ni kuvuka uwanja tu, hadi kijumba cha wazee ambako Bibi alikuwa akilala peke yake tangu alipofiwa na mumewe. Ndivyo shamba lao la Lonabakken lilivyopita kutoka mkono hadi mkono. Mtoto wa kwanza akishaiva, wazazi humpisha, na kuanzia siku hiyo nyumba, ghala na miti yote ya matufaha huwa juu ya kichwa chake. Majirani huitwa washuhudie. Mzee hubeba mwenyewe saa ya ukutani, ndiyo huwa ya mwisho kutoka, na mrithi hutia gogo lake la kwanza katika lile jiko la chuma la sebuleni. Mzee hatii tena kuni katika jiko hilo maisha yake yote, hata akikuta moto unakata roho. Gunnvor aliwahi kumwona babu yake, Mzee Mons, akitetemeka kwa baridi kando ya kuni zilizojaa kikapu, akimsubiri mwanawe atoke bustanini.

Sheria ya nchi nayo haikuwa na mzaha: anayerithi shamba anaishi shambani. Na hapo ndipo mapenzi ya Gunnvor yalipogonga mwamba. Steinar naye alikuwa mtoto wa kwanza, tena wa pekee, na Ytrestrand ilikuwa inamsubiri yeye tu. Miaka mitatu walikuwa wamependana huku kila mmoja akingoja mwenzake aseme "mimi nitakuja kwako." Pasaka walilisema lote kwa sauti ya juu, wakaachana vibaya, na tangu hapo hakuna aliyevuka maji.

Baba yake, Arnfinn, aliingia akijifuta jasho. Alikuwa amebeba godoro lake mwenyewe na kukataa kusaidiwa.

"Umeshindwa hata kuvaa?" alimuuliza. "Wageni wanafika adhuhuri, na wewe uko na aproni."

"Nitavaa, Baba."

"Na Ytrestrand nimewaalika. Nisingeweza kuwaruka, ni majirani." Alikohoa. "Nakwambia tu ili usishtuke."

"Sishtuki."

"Huyo kijana sina neno naye. Mchapakazi, haringi. Ila ana kwao, mwanangu. Mtu mwenye kwao humwingizi katika nyumba ya mwingine. Kungekuwa na mtoto wa pili, wa tatu, asiye na pa kulala..."

"Basi niwekee tangazo gazetini, Baba. Anatafutwa mume asiye na pa kulala."

Bibi Herborg alicheka hadi kikombe kikagonga kisahani. Arnfinn alitikisa kichwa, akatoka kwenda kuchukua mto.

Gunnvor alirudi tena dirishani. Mashua haikuwepo gatini Ytrestrand. Ilikuwa katikati ya maji, inakuja, na ndani yake kulikuwa na mtu mmoja aliyevaa koti jeusi la sherehe.

Hakukumbuka kuvua aproni. Alikimbia kupita katikati ya matufaha yaliyokuwa yamechanua meupe kila upande, na alipofika gatini Steinar alikuwa anafunga kamba. Alikuwa amekonda, na koti lile lilimpwaya kidogo mabegani. Walitazamana, na kwa muda ule mfupi Gunnvor alisahau kila neno chungu alilokuwa amelitunza tangu Pasaka.

"Umewahi," alisema. "Wageni ni adhuhuri."

"Sikuja kama mgeni." Aliingiza mkono katika koti akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. "Nilitaka ukipate kabla hawajafika."

Ilikuwa kengele ya shaba, imechakaa kwa kuvaliwa, na mkanda wake wa ngozi bado unanuka sufu. Gunnvor aliijua. Ilikuwa ya kondoo kiongozi, yule jike mzee aliyekuwa akitangulia kundi zima la Ytrestrand kupanda mlimani kila kiangazi. Kengele hiyo huvuliwa kondoo akifa na kuvalishwa mwingine siku hiyo hiyo. Haikai bila shingo, isipokuwa kundi likiwa limefika mwisho.

"Steinar. Umefanya nini?"

"Nimewauza. Mtu anakuja kuwachukua jioni." Alisema haraka haraka kama anayeogopa kubadili mawazo. "Mama atakwenda kukaa kwa dada yake mjini. Nyumba tutaifunga kwa sasa. Nakuja kwako, Gunnvor. Nimeshindwa kulala, nimeshindwa kula, na nimechoka kuitazama hii nyumba yako kutoka kule. Nakuja, kama bado unanitaka."

"Kama bado nakutaka! Mpumbavu wewe!"

Alimrukia shingoni, akalia na kucheka kwa pamoja, na kengele ikabanwa katikati ya vifua vyao. Alikuwa ameshinda, amepata nyumba na amempata mtu wake, na aliona hakuna mwanamke aliyebarikiwa kumzidi upande wowote wa maji.

Alimwingiza ndani akiwa amemshika mkono. Bibi Herborg alimpa shavu abusu, akamuuliza habari za mama yake, naye akajibu kwa adabu. Gunnvor alikwenda chumbani kuvaa, akajifunga sketi na kizibao chekundu, akarudi mbio akihofia kumkosa.

Hakumkosa. Steinar alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, anatazama ng'ambo. Alikuwa amesahau kwamba yuko katika nyumba ya watu. Miguu yake miwili ilikuwa imekaa sawasawa katika ule ubonyeo wa sakafu, kana kwamba ulipimwa kwa viatu vyake.

Kikombe kilianguka. Bibi Herborg alikuwa amekiachia, na kahawa ilikuwa inatambaa kwenye zulia, naye hakuitazama.

"Njoo nisaidie stoo," alimwambia Gunnvor.

"Nipanguse kwanza, Bibi."

"Achana na kahawa. Njoo."

Stoo ilikuwa na baridi na harufu ya jibini. Bibi alifunga mlango, akajishikiza kwenye rafu.

"Ameuza kondoo?"

"Ndiyo, Bibi! Anahamia hapa. Nilikuwa nataka kukwambia..."

"Na nyumba yao?"

"Wataifunga. Kwa sasa."

"Kwa sasa," Bibi alirudia. "Mons naye alisema hivyo hivyo. Kwa sasa."

Gunnvor alimtazama asielewe. Babu Mons alikuwa mtu wa Lonabakken kuliko watu wote, mpole, asiyenyanyua sauti, aliyepandikiza nusu ya miti ile kwa mikono yake.

"Mimi sikuwa na kaka," Bibi alisema. "Nyumba hii ilikuwa yangu tangu natambaa. Mons alikuwa na kwao, Djupevik, ng'ambo hiyo hiyo. Unapajua."

"Djupevik hakuna kitu. Kuna dohani ya mawe tu, na magofu."

"Kulikuwa na nyumba. Nzuri kuliko hii. Nilimwambia, mimi siendi popote, ukinipenda utakuja. Akanipenda. Aliingia mlango huu akiitwa Mons Djupevik, akatoka amebebwa katika jeneza akiitwa Mons Lonabakken, maana ndivyo watu wanavyokuita, kwa jina la mahali unapolala. Na kila asubuhi ya Mungu, kabla ya kahawa, alisimama pale dirishani. Jioni tena. Aliliona paa la kwao linaanza kupinda. Aliliona linaingia ndani, kipupwe baada ya kipupwe, mpaka ikabaki ile dohani."

"Uliniambia ni gurudumu la kusokotea sufu."

"Nilikudanganya. Ni miguu yake."

Gunnvor alihisi baridi ya stoo ikimpanda mgongoni.

"Alikulalamikia?"

"Angelalamika! Angenirushia hata maneno, ningejua pa kujibia. Hakuwahi kusema neno. Alinipenda, nilimzalia baba yako, alinishika mkono mpaka mwisho. Lakini nimelala na mgongo wa mtu maisha yangu yote, mjukuu wangu. Uso wake ulikuwa unatazama kwingine." Alinyoosha kidole kuelekea sebuleni. "Nilishinda. Nyumba nilibaki nayo. Na wewe leo nimekuona umeshinda, nikamwona na yeye pale aliposimama. Sasa fanya utakavyo, mimi nimesema."

Gunnvor alitoka stoo akiwa si yule aliyeingia. Steinar alikuwa bado dirishani. Aligeuka akatabasamu, na ndipo Gunnvor alipoona kitu ambacho furaha ilikuwa imemfichia gatini: tabasamu lile lilichelewa kufika machoni.

Alichukua kengele mezani, akamwekea mkononi.

"Rudi nayo. Mvalishe mwenyewe kabla huyo mtu hajafika."

"Unasema nini?"

"Rudi kwenu, Steinar. Usiuze."

Alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi bila kosa. "Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Sitaki uje kuishi hapa ukiwa umesimama dirishani."

"Nimesimama dirishani dakika mbili!"

"Babu naye alianza na dakika mbili."

"Babu gani? Gunnvor, sikiliza. Miaka mitatu unaniambia nichague. Nimechagua. Nimemliza mama yangu, nimewauza wanyama niliowazalisha kwa mikono hii, nimevaa koti la marehemu baba, nimevuka. Na wewe unanirudishia kengele kama sahani ya jirani?"

"Sijui niseme vipi uelewe..."

"Nimeelewa. Ulitaka nishindwe tu. Sasa nimeshindwa, huna haja nami tena."

"Si kweli, na unajua si kweli!"

"Sijui chochote." Alitupa kengele kwenye benchi, ikalia mara moja, mlio mbaya. Mlangoni alipishana na Arnfinn aliyebeba mto, akamwinamia kichwa. "Hongera kwa siku ya leo, mzee." Kisha akashuka katikati ya matufaha bila kugeuka, na muda si muda injini ya mashua ikanguruma.

"Kwani kuna nini?" aliuliza Arnfinn, mto kifuani.

Gunnvor alichukua kitambaa akaanza kuipangusa kahawa kwenye zulia.

Wageni walifika. Walikula uji wa malai kwa sukari na mdalasini, wakasifu maua ya mwaka huu, wakaulizana kimya kimya kwa nini kijana wa Ytrestrand kapishana nao majini uso umefura. Gunnvor aliwamiminia kahawa akitabasamu kwa midomo tu. Kisha Arnfinn alipanda kigoda, akaisimamisha saa ya ukutani kwa kidole, akaishusha. Sebule yote ilikosa ule mlio wake ghafla. Aliibeba kifuani kama mtoto mgonjwa, akavuka nayo uwanja, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Haya," alisema. "Mwenye nyumba atie kuni."

Gunnvor alichukua gogo la mti mkongwe wa tufaha alioupanda Babu Mons. Alipiga magoti mbele ya jiko, akaliingiza, na moto ulipolishika alijua kwa moyo wake wote kwamba asingeondoka Lonabakken hata kwa ajili ya mwanamume anayempenda kuliko pumzi yake. Alijua pia, kwa moyo huo huo, kwamba Steinar alikuwa hivyo hivyo kwa Ytrestrand. Miaka mitatu walikuwa wakigombana kwa sababu walifanana.

Watu walipiga makofi. Yeye aliinuka, akachukua kengele kwenye benchi, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Arnfinn alimfuata hadi kizingitini. "Wageni je?"

"Wape uji, Baba. Umebaki."

"Gunnvor! Hii ni siku yako. Ukitoka, moto ukizimika siku ya kwanza, usitegemee mimi niutie. Unajua mwenyewe."

"Najua."

"Aibu yake unaijua?"

"Najua, Baba. Ninarudi. Ila kuna mtu lazima nimwone kabla ya jioni."

Mashua ya Lonabakken siku hizo ilivutwa kwa makasia. Alivuta hadi viganja vikamuuma, sketi ya sherehe imelowa magotini, kengele ikilia miguuni kwa kila mvuto. Injini yake ilikuwa imeharibika na hakuna aliyeitengeneza, kwa kuwa tangu Pasaka hakukuwa na sababu ya kuvuka. Alijikasirikia kwa hilo njia nzima.

Ytrestrand kondoo walikuwa zizini, wamefungiwa wanamsubiri mnunuzi, wanalia ovyo. Hakwenda mlangoni. Alipanda uzio na sketi yake, akampapasa yule jike mzee katikati ya wenzake, akamvalisha kengele, akafunga mkanda tundu lile lile lililozoea. Kondoo alijitikisa. Mlio ulizunguka zizi lote, na wenzake wakageuza vichwa.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Borghild, mama yake Steinar, alisimama pale na kitambaa cha kusugulia mkononi. Mwanamke huyo hakuwahi kumkaribisha Gunnvor kupita kibarazani.

"Umekuja kumchukua," alisema. Halikuwa swali.

"Hapana, mama. Nimekuja kumwomba abaki."

Steinar alitokeza nyuma ya mama yake. Alikuwa amevua koti. Alitazama kengele, akamtazama Gunnvor aliyejaa sufu na matope.

"Kama umekuja kuniaga, ungepiga simu," alisema, ila sauti haikuwa na nguvu ya maneno.

"Nimekuja kukuomba unioe."

"Wapi? Katikati ya maji?"

"Ndiyo, kama itabidi. Wewe hapa, mimi kule. Sihami, na wewe usihame. Nitavuka mimi, utavuka wewe. Injini nitaitengeneza kesho."

"Ndoa gani hiyo?" Borghild aliuliza. "Mume huku, mke kule? Watu watatucheka kuanzia hapa hadi kanisani."

"Watacheka, mama. Nimeshaanza kuwazoea, nimewaacha sebuleni kwangu na uji."

Kitu kilitikisika pembeni mwa mdomo wa Steinar. "Na bahari ikichafuka? Ikiwa wiki nzima hakuna anayeweza kuvuka?"

"Utasimama kwenye dirisha lako, nami kwenye langu," Gunnvor alisema, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. "Tutaumia. Nitakukosa mpaka niugue. Lakini kila mmoja atakuwa anatazama nyumba yenye mtu ndani. Babu yangu alitazama paa likianguka, Steinar. Sitakufanyia hivyo. Nakupenda mno kukufanyia hivyo."

Steinar alishuka ngazi za kibaraza kwa hatua mbili. Alimkumbatia pale pale penye matope, uso ukazama katika nywele zake, na alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa mwezi mzima.

"Nitampigia yule mnunuzi," alinong'ona. "Atanitukana."

"Mwache atukane."

Borghild aliwatazama. Alitazama na zizi, kule kengele ilikokuwa inalia. Alikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne, kikawa kidogo kabisa.

"Sakafu nimeisugua sasa hivi," alisema. "Vua viatu kabla hujaingia."

Gunnvor alivua viatu. Aliingia kwa soksi katika sebule ambayo miaka mitatu alikuwa akiikisia kutoka ng'ambo, na miguu yake, kwa mazoea, ikampeleka moja kwa moja dirishani. Hakuwahi kuiona nyumba yao kutoka hapa. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, imezungukwa na weupe wa matufaha, na mashua za wageni zilikuwa zinaondoka moja moja.

Alitafuta dohani. Gogo moja la tufaha lisingefika hadi saa hii.

Moshi ulikuwa unatoka. Haukuwa moshi mwembamba wa moto unaokufa. Ulikuwa mzito, mweupe, wa kuni mpya zilizotiwa muda huo huo, na wageni walikuwa wameshashuka gatini. Bibi Herborg hakuweza tena kuinua gogo. Kule ng'ambo, mzee Arnfinn alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko lisilo lake tena, akimtunzia mwanawe moto mpaka arudi.